Deni la Machozi: Majonzi katika Sinema za Katuni

Utangulizi

Katika mijadala yetu ya fasihi na sanaa za maonyesho, sinema za katuni hazijapewa nafasi ya kutosha. Aghalabu huhesabiwa kuwa ni mchezo wa watoto, kitu cha kumtuliza mtoto wakati mama yu jikoni, na mhakiki anayezitaja huonekana kana kwamba amepungukiwa na kazi. Hata hivyo, watu wazima wenye akili zao, ambao hawakudondokwa na chozi walipotazama tanzia za jukwaani, wamelia mbele ya picha ya mtoto wa simba iliyochorwa kwa mkono. Jambo hili lahitaji maelezo. Picha haina nyama wala damu. Mtazamaji ajua hivyo tangu mwanzo hadi mwisho, na hata hivyo hulia.

Wapo wanaolijibu swali hili kwa haraka. Husema kwamba machozi hayo ni bidhaa: chukua mama anayekufa, mtoto anayeachwa na fidla zinazolia taratibu, changanya, kisha uza. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwa sababu sinema hizi hutengenezwa na makampuni makubwa yanayotafuta faida, na kifo cha mzazi kimerudiwa ndani yake mara nyingi kiasi cha kuwa desturi. Upungufu wa hoja hii ni kwamba haitofautishi. Haitusaidii kujua kwa nini kifo kimoja kimekumbukwa kwa zaidi ya miaka 80, na kingine husahaulika kabla ya taa za ukumbi kuwashwa.

Madhumuni ya makala haya ni kupendekeza kipimo. Twadai kwamba onyesho la majonzi halipimwi kwa wingi wa machozi linayoyatoa, bali kwa mambo mawili. La kwanza ni kizuio, yaani yale ambayo msanii ameyaacha bila kuyaonyesha wala kuyasema. La pili ni deni. Msanii anapomliza mtazamaji, hasa mtazamaji aliye mtoto, amekopa kwake, na hadithi inayofuata haina budi kulilipa deni hilo. Kulilipa si kumrudisha aliyekufa, wala si kumchekesha mfiwa haraka ili asahau. Ni kuipa huzuni ile kazi katika maisha ya waliobaki.

Tutakitumia kipimo hiki kwa sinema nne: Bambi ya mwaka 1942, The Lion King ya mwaka 1994, Up ya mwaka 2009 na Coco ya mwaka 2017. Tutagusa pia Dumbo na Inside Out pale zitakapotufaa. Na kwa kuwa sisi ni walimu wa lugha na fasihi za Kiafrika, tutauliza mara kwa mara jadi yetu ya masimulizi na ya matanga yasema nini kuhusu mambo haya.

Kifo Kisichoonekana

Bambi ilitolewa na kampuni ya Walt Disney chini ya uongozi wa David Hand, na chimbuko lake ni kitabu cha Felix Salten, mwandishi wa Austria, kilichotoka mwaka 1923. Bambi ni mtoto wa ayala, mnyama afananaye na paa. Majira ya baridi yanakaribia kwisha. Mama na mwanawe, waliokwisha kudhoofika kwa njaa, wanakuta majani mabichi yaliyochomoza katika theluji, nao wanakula. Ghafla mama anainua kichwa. Anamwamuru mtoto akimbilie kichakani, naye anamfuata nyuma akimhimiza aongeze mbio wala asigeuke. Unasikika mlio wa bunduki. Mtoto anafika mafichoni, anafurahi kwamba wamenusurika, kisha anageuka na kuona yu peke yake. Anatoka nje kumwita mama. Theluji inaanguka kwa wingi hata miti haionekani sawasawa. Mbele yake anatokea baba yake, ayala mkuu wa msitu ule, na kumwambia kwamba mama hataweza kuwa naye tena. Chozi moja linamtoka mtoto, na wawili hao wanatoweka katika theluji.

Tukilichunguza onyesho hili tutaona kwamba msanii ameficha mambo matatu. Muuaji haonekani, na si hapa tu, bali katika sinema nzima binadamu haonyeshwi sura yake. Maiti haionekani. Na neno lenyewe, kufa, halitamkwi. Kilichobaki ni mlio, theluji na sauti ya mtoto anayeita. Lakini jambo lililo zito zaidi ni mpango wa kujua. Mtazamaji anajua kilichotokea tangu bunduki ilipolia. Mtoto hajui. Kati ya kujua kwetu na kutojua kwake pana muda mfupi ambao Bambi anafurahi, na furaha hiyo ndiyo inayotuvunja moyo. Lau mtoto angaliona mama akianguka, tungalishtuka pamoja naye, na mshtuko hupita upesi. Hapa tunalazimika kumngojea afikie mahali tulipokwisha kufika sisi, bila uwezo wa kumwonya.

Kauli ya baba nayo yastahili kuangaliwa na mtu wa lugha. Ni tasfida, yaani lugha ya kupunguza makali. Kwetu pia, aghalabu mtoto aliyefiwa huambiwa kwamba mama amesafiri, au amelala, au amekwenda kwa Mungu naye atarudi. Tofauti ni kwamba kauli ya ayala yule haina uwongo ndani yake. Haimwahidi mtoto marejeo yoyote. Imepunguza makali bila kupunguza ukweli, na hapo pana somo kwa kila mtu mzima aliyewahi kupewa kazi ya kumpasha mtoto habari kama hiyo.

Je, deni limelipwa? Hapa pana kasoro. Mara baada ya onyesho hili twapelekwa katika majira ya machipuko, ndege wakiimba kwa shangwe, na Bambi amekwisha kuwa kijana. Hatumwoni akimkumbuka mama kwa neno lolote. Mtetezi aweza kusema kwamba sinema nzima imejengwa juu ya mzunguko wa majira, na kwamba msitu haukai matanga. Hoja hiyo ina uzito. Pia ni kweli kwamba, karibu na mwisho, Bambi anapoanguka kwa risasi, ni baba yule yule anayemjia na kumwamuru asimame. Aliyempasha mtoto habari ya kifo sasa anamzuia asife. Twaweza basi kusema kwamba deni limelipwa nusu, na kwamba nusu iliyobaki ndiyo sababu watu wengi hulikumbuka onyesho la theluji lakini hawakumbuki sana yaliyofuata.

Mwaka mmoja kabla ya Bambi, kampuni hiyo hiyo ilikuwa imetoa Dumbo, ambamo hakuna kifo bali utengano. Mama tembo amefungiwa ndani ya gari la chuma kwa sababu aliwapiga watu waliomdhihaki mwanawe mwenye masikio makubwa. Mtoto anapelekwa usiku kumwona. Minyororo haimruhusu mama kufika dirishani, basi anautoa mkonga wake kati ya nondo, anampapasa mtoto, anambeba na kumbembeleza, huku wimbo wa kulaza mtoto ukiimbwa. Wakati huo twaonyeshwa wanyama wengine wa sarakasi, kila mmoja amelala na mwanawe. Katika jadi yetu bembezi huimbwa ili mtoto apate usingizi mikononi mwa mama. Hapa mtoto anabembelezwa ili aweze kuondoka. Wimbo umegeuzwa kazi yake bila kubadilishwa sura yake, na hakuna mhusika anayesimama kutueleza kwamba jambo hili ni la kusikitisha. Mwishoni mama anafunguliwa, na ukombozi huo unatokana na masikio yale yale yaliyomfungisha. Hilo ni deni lililolipwa kikamilifu.

Simba, Liyongo na Lugha ya Matanga

The Lion King, iliyoongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, yatuhusu kwa namna ya pekee. Wasanii wake walizuru Kenya kabla ya kuichora, na mandhari ya Hell's Gate karibu na Naivasha ni miongoni mwa yale waliyoyatazama. Tena baadhi ya majina ya wahusika ni ya Kiswahili: Simba, Sarabi, Rafiki, Pumbaa na Shenzi.

Kifo cha Mufasa kinatokea bondeni. Nyumbu kwa maelfu wametimuliwa kwa hila ya Scar, ndugu yake mfalme. Mufasa anamwokoa mwanawe, anapanda jabali, na ndugu yake anamsukuma aangukie chini ya kwato. Vumbi linapotulia, hapasikiki kitu. Mtoto anamkuta baba amelala, anamsukuma kwa kichwa, anamwomba aamke, anamvuta sikio, anapiga kelele kuomba msaada, na sauti yake inarudi kutoka kwenye kuta za bonde. Mwishowe anajiingiza chini ya mkono wa baba na kulala hapo.

Tofauti na Bambi, hapa maiti imeonyeshwa, nasi tulidai kwamba kuficha ndiko kunakoleta nguvu. Je, kipimo chetu kimeshindwa? La. Kizuio kimehamia mahali pengine. Kilichozuiliwa ni jibu. Mtoto anazungumza na asiyejibu, na kila ombi lisilojibiwa linamsogeza hatua moja kuelekea kwenye ukweli.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakuwa amekwisha kulikumbuka onyesho jingine. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa amechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe mwenyewe. Anakwenda kisimani, anapiga goti, anavuta upinde, na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanaogopa kwenda kuteka maji, kwa kuwa wanadhani yu hai na amekasirika. Wanamwomba mama yake aende kumsihi. Mama anasimama mbali na kumbembeleza mwanawe apoze hasira, siku baada ya siku, mpaka mwili unapoanguka na watu kutambua kwamba alikuwa amekufa kitambo. Hapa pia pana kusema na asiyejibu, na hapa pia msikilizaji anajua jambo ambalo msemaji hajalijua. Mahusiano yamegeuzwa, kwani huku ni mama na mwana aliye mtu mzima, na kule ni baba na mwana aliye mtoto. Lakini msingi wa sanaa ni mmoja. Kwa hiyo tusidhani kwamba ufundi huu tumeletewa kutoka California. Ulikuwapo katika pwani yetu kabla ya sinema ya kwanza ya katuni ndefu kutengenezwa na Disney mwaka 1937.

Sasa tulitazame deni. Scar anamwambia mtoto kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yake, na kumwamuru akimbie asirudi kamwe. Mtoto anakimbia, anaokotwa na Timon na Pumbaa, nao wanampa falsafa yao kwa maneno mawili ya Kiswahili: hakuna matata. Maneno haya yana nafasi yake katika usemi wetu. Mtu aliyekukanyaga kwa bahati mbaya aweza kujibiwa hivyo, ingawa wengi wetu tungesema hakuna shida, au si neno. Lakini hakuna Mswahili amwambiaye mfiwa hakuna matata. Atahesabiwa kuwa ni mtovu wa adabu, au kwamba amerukwa na akili. Kwa mfiwa twasema pole, twamwombea subira, twakaa naye.

Ni haki kuongeza kwamba sinema yenyewe haikubaliani na falsafa hiyo. Simba anayeishi bila matata anaonyeshwa kuwa amejisahau. Rafiki anamfuata, anampeleka kwenye maji ajitazame, kisha anampiga kwa fimbo kichwani ili kumfunza kwamba maumivu ya jana hayakwepeki bali hufundisha. Simba anarudi, anaujua ukweli wa kifo cha baba yake, anashika nafasi iliyoachwa. Deni limelipwa, tena kwa mpango mzuri, kwa sababu huzuni iliyokimbiwa ndiyo inayogeuka kuwa wajibu. Ajabu ni kwamba ulimwengu uliyachukua maneno yale mawili na kuyaandika katika fulana, ukaiacha hukumu ambayo hadithi iliitoa juu yake.

Lawama yetu basi ni ndogo lakini ni ya kweli. Kiswahili kimetumiwa katika sinema hii kwa majina na kwa furaha. Jina Pumbaa limetokana na kupumbaa, na jina Shenzi ni tusi lililogeuzwa kuwa mzaha. Lakini katika maneno ya onyesho la kilio, Kiswahili hakimo ila katika jina la mtoto. Kiswahili kimealikwa harusini, hakikualikwa matangani. Mtu asiyeijua lugha hii atatoka akidhani kwamba ni lugha isiyo na neno la msiba, ilhali wenyewe twajua wingi wa msamiati wetu: jitimai, simanzi, majonzi, buka, huzuni, ukiwa.

Mwaka 2019 kampuni ilitoa toleo jipya la hadithi hii, ambalo simba wake wametengenezwa kwa kompyuta wafanane na simba wa mbugani. Kifo kinatokea pale pale, kwa mpangilio karibu ule ule, lakini kwa maoni yetu hakina nguvu ya kile cha mwanzo. Simba wa kweli hana nyusi za kuinua wala mdomo wa kutetemeka. Mchoraji wa mwaka 1994 alikuwa na uhuru wa kuuweka moyo wa mtoto katika uso wa mnyama, na uhuru huo ndio sanaa ya katuni. Kadiri picha ilivyozidi kufanana na mnyama wa kweli, ndivyo ilivyopoteza uwezo wa kusema.

Maisha Mazima kwa Kimya

Up, iliyoongozwa na Pete Docter, ilifungua tamasha la sinema la Cannes mwaka 2009, heshima ambayo sinema ya katuni haikuwahi kupewa kabla yake. Karibu na mwanzo wake mna sehemu ya dakika nne na ushei ambayo haina mazungumzo hata kidogo. Carl na Ellie wanaoana. Wanatengeneza nyumba iliyochakaa. Wanatazama mawingu na kuona ndani yake sura za watoto wachanga. Wanapaka rangi chumba cha mtoto. Kisha tunawaona katika chumba cha daktari: Ellie ameinamisha kichwa, Carl yu nyuma yake, daktari anaeleza jambo tusilolisikia. Baadaye wanaanza kuweka sarafu katika chupa kwa ajili ya safari waliyoiota tangu utotoni, na kila mara chupa inavunjwa kwa sababu ya gurudumu lililopasuka, mguu uliovunjika, mti ulioangukia paa. Nywele zinaota mvi. Carl anapokumbuka safari ile na kununua tikiti, Ellie hana tena nguvu za kupanda kilima. Anafariki, na Carl anarudi nyumbani peke yake.

Muziki wa Michael Giacchino, uliopata tuzo ya Oscar, una tuni moja. Katika harusi inakimbia na kuchezeka. Mwishoni inapigwa kwa piano peke yake, taratibu. Haikubadilishwa, imepunguzwa. Hiki nacho ni kizuio.

Lakini kizuio kikubwa ni kile cha chumba cha daktari. Katika jamii nyingi, zetu zikiwamo, kukosa mtoto ni jambo linalosemwa mno. Jamaa husema, majirani husema, na aghalabu mke hubebeshwa lawama. Sinema hii imelieleza kwa picha chache tu, na hakuna anayelaumiwa. Carl anamfuata mkewe bustanini, alikokaa amefumba macho, na kumpa kile kitabu cha utotoni chenye picha ya mahali walipotaka kwenda. Wahakiki waliozoea kutafuta maudhui katika hotuba za wahusika wapaswa kulitafakari onyesho hili ambalo limesema mengi bila neno hata moja.

Kuhusu deni, Up inaweza kuwa mfano wa kufundishia. Hadithi yote iliyobaki ni malipo. Carl anaifunga nyumba kwa mapulizo na kuipeleka angani, kisha anaivuta kwa kamba mgongoni kama mtu anayeburuta jeneza. Nyumba ile ni matanga yasiyovunjwa. Anapofika alikotaka, anakifungua tena kitabu cha Ellie na kuona kwamba kurasa alizodhani ni tupu zimejazwa picha za maisha yao ya kila siku, pamoja na maneno ya shukrani na ya kumtaka aende akatafute safari nyingine. Ndipo anapoyatupa nje makochi na meza alizokuwa akizihifadhi, nyumba ikapata wepesi wa kuruka tena, ili aende kumsaidia mtoto Russell. Mwishowe anambandika mtoto huyo kifuani kifuniko cha chupa ya soda alichopewa na Ellie walipokuwa wadogo. Mtu aliyekosa mtoto amekuwa baba, na alama ya ndoa imekuwa urithi.

Docter huyo huyo aliongoza Inside Out ya mwaka 2015, ambamo hisia za msichana Riley zimefanywa wahusika. Bing Bong, rafiki wa kubuni wa utotoni mwa Riley, amenyang'anywa gari lake na kuketi chini kwa majonzi. Furaha anamjaribu kwa mizaha na kumtekenya, bila mafanikio. Huzuni anakaa kando yake, anakiri kwamba kitu alichokipenda kimekwenda, anamwacha aseme, anamwacha alie. Bing Bong analia, kisha anasimama na kuendelea na safari. Furaha anashangaa, lakini mtu yeyote aliyekwenda kumhani mfiwa hatashangaa. Hivyo ndivyo tufanyavyo. Twaketi mkekani, twasema pole, hatuna haraka. Sinema hii imeufikia kwa njia ya saikolojia utaratibu ambao wazee wetu waliufikia kwa njia ya mila.

Kukumbukwa kwa Jina

Coco, iliyoongozwa na Lee Unkrich akisaidiwa na Adrian Molina, imewekwa Meksiko katika Siku ya Wafu. Ukoo wa mtoto Miguel umepiga marufuku muziki, kwa sababu babu mmoja wa zamani aliondoka nyumbani kwenda kuimba, asirudi. Miguel anajikuta katika nchi ya wafu, na huko anajifunza sheria yake: mfu anaendelea kuishi maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka. Anaposahauliwa na wa mwisho, anakufa kifo cha pili, ambacho hakina marejeo. Babu yule, Héctor, alikuwa anataka kurudi nyumbani na akauawa na rafiki yake. Sasa anakumbukwa na mtu mmoja tu, binti yake Coco, ambaye ni bibi kizee anayepoteza kumbukumbu.

Wimbo mmoja unaimbwa mara kadhaa katika sinema hii. Kwanza twausikia jukwaani, ukiimbwa na mwizi wake kwa majivuno na mataa. Baadaye twagundua kwamba Héctor aliutunga kuwa bembezi ya binti yake. Mwishowe Miguel anauimba kwa sauti ya chini mbele ya kizee. Kinachotukia katika uso wa Coco ni kidogo mno: kidole kinachotikisika, shavu linaloinuka, kisha sauti nyembamba inayojiunga na ya mtoto. Mchoraji angeweza kumfanya asimame na kumkumbatia kitukuu. Hakufanya hivyo. Kizuio ni kile kile tulichokiona katika theluji ya Bambi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, sheria ya nchi ile ya wafu si ngeni. John Mbiti, mwanachuoni wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, alieleza katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969 kwamba marehemu anayekumbukwa kwa jina na jamaa waliomjua angali yu hai kwa namna fulani. Alichagua maneno mawili ya Kiswahili kueleza fikira zake za wakati, Sasa na Zamani. Anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua marehemu, marehemu huyo hutoka katika Sasa na kuzama katika Zamani. Hatusemi kwamba waliotengeneza Coco walimsoma Mbiti; mila ya Meksiko ina mizizi yake yenyewe. Twasema tu kwamba mahali ambapo mtazamaji wa nchi nyingine huenda akaona ngano, mtazamaji wetu aweza kuona maelezo ya jambo alilolelewa nalo, naye hulia kwa sababu iliyo karibu zaidi na nyumbani.

Hapa deni linalipwa ndani ya machozi yenyewe. Kilio cha Coco ndicho kinachomwokoa baba yake, kwa sababu kulia kwake ni kukumbuka. Kisha hadithi inaongeza jambo moja la uaminifu. Mwaka mmoja baadaye Coco naye amefariki, na picha yake imewekwa pamoja na za wengine juu ya meza ya ukumbusho. Kifo hakikushindwa. Kimepewa mahali pake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba maonyesho ya majonzi katika sinema za katuni yaweza kuhakikiwa kwa uzito ule ule tunaoutumia kwa tenzi na tamthilia, na kwamba tofauti kati ya sanaa na biashara ya machozi haipo katika fidla wala katika kifo chenyewe. Ipo katika kile ambacho msanii amekizuia, na katika malipo anayoyatoa baada ya kukopa. Kwa kipimo hiki Bambi ina kizuio kikubwa na malipo pungufu. The Lion King imelipa, ingawa watazamaji walichukua wimbo wakaliacha deni. Up na Coco zimetimiza yote mawili.

Jambo hili lina maana kwetu zaidi ya uhakiki. Watoto wetu wanazitazama sinema hizi, na wengi wao wanakutana na kifo kwa mara ya kwanza humo, katika lugha ya kigeni, kabla ya mtu yeyote wa nyumbani kuwazungumzia jambo hilo. Wakati wa msiba huondolewa chumbani, nao hubaki na yale waliyoyaona katika runinga. Katika hadithi nyingi za Kiswahili zinazoandikwa kwa ajili ya shule, mzazi hufa katika sentensi moja ili mafunzo yaanze, na huo ni mkopo usiolipwa kabisa.

Ufundi si hoja tena. Tinga Tinga Tales iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2010 ilitengenezwa Nairobi, na Ubongo Kids imetoka Dar es Salaam tangu mwaka 2014. Wachoraji wapo, na jadi ya Liyongo ipo. Kilichobaki ni mtunzi atakayethubutu kumweka mtoto mbele ya msiba, amwache aulize kwa Kiswahili, na ampe jibu lisilo la uwongo.